Desturi Haikutaja Vidole

Kwa miaka thelathini na mitano Annonciata Nyiransabimana hakumsalimia mtu yeyote kwa neno "habari". Alisema jambo, alisema bonjour, na akikutana na mfiwa alimshika mkono akanyamaza. Redio ilipoanza kusoma habari, yeye aliwaambia majirani kwamba nouvelles zimeanza. Patricia, aliyeuza vitunguu na sombe, majani ya muhogo, kando yake katika soko la Virunga, alimtania kwa hilo karibu kila asubuhi.

"Mama Annonciata, siku moja utanisalimia 'habari' kama batu bengine?"

"Siku hiyo ujue kuko kitu kimeharibika," alijibu, akaendelea kufuta jibini zake kwa kitambaa.

Patricia alikuwa mtu wa Bukavu, akadhani ni kiburi cha kizee. Hakikuwa kiburi. Baba mkwe wa Annonciata alikuwa na jina linaloanza kama neno hilo, na kwao, kwenye milima ya Masisi, mke hataji jina la baba wa mumewe. Mke aliyelelewa vizuri zaidi hukwepa hata maneno yanayofanana nalo. Mabinti wa siku hizi wanaicheka desturi hiyo, wanawaita baba wakwe zao kwa majina kama wanavyomwita mwendesha pikipiki barabarani, na dunia haianguki. Annonciata hakuwa wa hao. Aliolewa mwaka 1990, na katika juma la kwanza Nyirakamana, dada wa baba mkwe, alimkalisha mkekani akamweleza kwamba ulimi wa mke ndio mlango wa nyumba, na mlango usiofungwa haumjui mgeni wala mwizi. Akafundishika. Mzee alipokufa mwaka 2002, hata katika misa ya kumwombea alisema tu "mzee wetu", Mungu mwenyewe amtafute anayeombewa.

Mwaka huo huo volkano ilishuka mpaka katikati ya Goma, ikapita juu ya nyumba waliyokuwa wamepanga. Moto ulikula sanduku la bati lenye cheti chao cha ndoa, kadi za ubatizo za mabinti wao wawili na diploma ya mumewe, Munezero. Aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi bila karatasi anajua kilichofuata: kwa miaka kadhaa walikuwa watu wa kuthibitisha kwamba wapo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi waliponunua kiwanja chao Kibati, kando ya barabara ya kaskazini, kwa majina yao wote wawili na sahihi zao wote wawili, Annonciata alianza kufikiri ni wapi ataweka karatasi hizo mahali ambapo moto haufiki.

Munezero alikufa kwa ini mwaka 2017. Hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha mdogo wake Habumugisha, mtu wa Rumangabo, mpole wa sauti, mwepesi wa kumpokea mgeni mkoba, ambaye siku ya mazishi yenyewe alikiita kiwanja kile "shamba ya papa yetu". Hapakuwa na shamba la baba yeyote, walikuwa wamekinunua. Annonciata alilisikia neno hilo huku analia, na hakulisahau.

Ndipo alipokwenda kwa Gradi.

Gradi alikuwa na chumba cha mbao kwenye njia ya kuteremka Kituku, soko la ziwani, kompyuta sita ndani yake, na harufu ya samaki iliyoletwa na wateja. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Kisangani, ndevu zimeanza kuingia mvi, na kitu kimoja tu kilimpandisha hasira: namna watu wa Goma wanavyoyatendea maneno yao ya siri. Walimfungulia midomo yao mlangoni kabisa. "Gradi, niandikie yangu mu kaye yako, mimi nitasahau." Zamani aliyaandika kweli katika daftari moja la shule, mpaka siku alipoona jinsi lilivyonenepa, akalichoma kwenye jiko la mkaa la mkewe.

"Mimi si sacristain wa kutunza mot de passe zenu," aliwaambia tangu siku hiyo.

Alizipiga picha karatasi za Annonciata moja moja: hati ya kununulia, karatasi ya kiwanja, na picha ya yeye na Munezero wakiwa wamesimama kwenye mpaka, kwenye ua wa minyaa. Akamfungulia anwani ya barua kwenye mtandao, akaziweka zote humo. Kisha akampa mafundisho yake, na mafundisho yalikuwa mazuri. Usiweke jina la mtu. Usiweke mwaka. Weka namba ya simu, ili mtu akigusa mlango wako simu ikuambie.

"Simu ya nani?" Annonciata aliuliza. "Yangu imeibiwa mara tatu. Mwizi njo ataambiwa?"

Gradi alikuna ndevu, akakubali kuliacha hilo la simu. Akageuza uso ukutani, kama alivyowafanyia wote, ili mama aandike neno lake.

Annonciata alikaa mbele ya herufi zile akifikiri kwa dhati. Ni neno gani duniani lililo salama kuliko yote? Hakuhitaji muda mrefu. Lilikuwapo moja ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia kinywani mwake, si mume, si mabinti, si padri. Hata akiumwa homa asingelipayuka. Aliwahi kuumwa malaria ya kichwa, akapayuka mengi, lile likabaki ndani. Desturi ilikataza ulimi. Haikutaja vidole. Alibonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, jasho likimtoka mgongoni, na alipomaliza alitazama nyuma kama mtu aliyechota kwenye kikapu cha sadaka. Mashine ikataka tarakimu. Akaongeza mwaka aliokufa mzee.

"Si jina ya mutu?" Gradi aliuliza ukutani.

"Ni neno haijatoka mu kinywa yangu tangu niolewe."

Gradi wa Kisangani akadhani ni tusi zito, akacheka, wakaagana vizuri.

Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Safari hii haukufika katikati ya mji, ulitosheka na Kibati na majirani zake. Nyumba ya Annonciata ilikwenda pamoja na mabati, kitanda na sanduku jipya, na ua wa minyaa uliokuwa mpaka ukawa mawe meusi kama mawe mengine yote. Waliokimbilia kaskazini waliishia Rumangabo, naye akapokewa nyumbani kwa shemeji yake Habumugisha. Tusimnyime haki yake: alimpokea vizuri. Alimpa chumba chenye mlango, na asubuhi alimmiminia maziwa kwa mkono wake mwenyewe.

Jumapili moja baada ya misa walikaa mezani watu kumi na zaidi, wote wa Kibati, wote wakililia karatasi. Mmoja hati yake imeungua, mwingine hajui mpaka wake utaanzia jiwe gani. Annonciata alikuwa amepoteza kila kitu isipokuwa hicho kimoja wanachokililia, na raha ya kuwa mwerevu kati ya watu wenye msiba ikampanda kichwani. Ulimi uliofungwa miaka mingi kwa jambo moja ulifunguka kwa lingine.

"Mimi karatasi zangu hazikuungua. Ziko mu mail. Na mot de passe yangu, hata munipige, haiwezi kutoka mu kinywa. Tangu niolewe haijatoka."

Watu wakamsifu. Habumugisha akatabasamu, akamwongeza maziwa.

Neno likitoka halirudi. Pale mezani palikuwa na watu wengi, lakini aliyezaliwa katika nyumba ya baba mkwe wake alikuwa mmoja tu.

Vita vikaja juu ya moto. Barabara ya Kibati ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena, na turubai za wakimbizi zikajaa juu ya lava iliyopoa. Annonciata alipanga chumba mjini, akaendelea na jibini. Mlima mmoja ukishikwa jibini hazikuja, mwingine ukiachiliwa zilikuja. Januari 2025 wenye bunduki waliingia Goma yenyewe. Siku za uporaji zilimchukulia simu yake ya nne. Gradi walimchukulia kompyuta tano. Ya sita, ya kubeba mkononi, aliiokoa kwa kuizika ndani ya gunia la unga wa muhogo.

Mwezi wa tatu turubai zilikuwa zimeondolewa na watu wameambiwa warudi kwao. Annonciata alipanda pikipiki hadi Kibati kutazama mawe yake. Alimkuta Habumugisha amesimama juu yake na mafundi wawili, msingi umeshapanda hadi magotini.

"Shemeji," alisema kwa upole ule ule. "Namujengea mutoto yangu. Ni shamba ya papa."

"Niko na karatasi."

"Leta, tuone."

Hakuwa na wasiwasi hata kidogo, na ni hilo Annonciata alilolifikiria njia nzima ya kurudi.

Kwa Gradi aliketi mbele ya kompyuta ile moja, foleni ya watu nyuma yake, akaandika jina kwa kidole kilichokuwa kimezoea sasa. Mashine ilikataa. Ikaandika kwa Kifaransa kwamba neno hilo lilibadilishwa majuma matano yaliyopita. Alilisoma mara mbili. Ni nani aliyekuwepo siku ile ya mwanzo? Ni nani anayejua njia za mashine? Hasira haipigi hodi.

"Ni wewe," alimwambia Gradi. "Uligeuza uso lakini macho haukugeuza. Mwizi. Habumugisha alikupa nini?"

Watu wa foleni walisikia wote. Wawili waliondoka saa ile ile. Gradi aliwaaga waliosalia, mpaka chumba kikabaki na yeye na huyo mama. Kisha akasogeza karatasi na kalamu.

"Andika hapa ile neno. Kama naijua, nifunge mlango yangu leo."

Aliliandika. Mara ya kwanza maishani aliliona jina la baba mkwe wake kwa mwandiko wa mkono wake mwenyewe, kubwa, juu ya karatasi nyeupe, na alipoliona hivyo akajiuliza swali ambalo alipaswa kujiuliza tangu siku alipolichagua. Ni nani asiyeweza kulibuni? Neno ambalo mke hawezi kulisema tangu aolewe: ungemuuliza mchunga ng'ombe yeyote wa Masisi angekujibu kabla hajameza mate. Mwaka je? Mwana anaujua mwaka aliomzika baba yake. Na anwani yenyewe Habumugisha alikuwa nayo, kwa kuwa picha za kumaliza matanga ya Munezero alitumiwa kutoka humo humo. Annonciata alikuwa amefunga mlango kwa kufuli ambayo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mtu mmoja, na mtu huyo alimmiminia maziwa. Annonciata alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa aibu zaidi kuliko huzuni.

"Mama," Gradi alisema, "uliniita mwizi mbele ya batu. Mbele ya batu njo utaniomba pardon."

Kesho yake alirudi, akasimama mbele ya foleni, akaomba. Ndiyo maana Gradi alikubali kwenda naye Kibati.

Baraza lilikaa chini ya turubai kuukuu kwenye uwanja wa chef, mkuu wa eneo. Chef alikuwa mpya, Damascène, aliyewekwa baada ya Januari na walewale waliokuja na Januari, na kila mtu alijua Habumugisha alikuwa wa kwanza kumpelekea pongezi. Wazee saba walikaa kwenye mabenchi. Nyirakamana aliletwa kwenye kiti cha plastiki, mwenye miaka tisini hivi, macho yamefifia na masikio mazima. Annonciata alipomwona alipata nguvu. Kuna mtu mmoja, alijiambia, anayejua nilivyoishi katika nyumba ile.

Gradi alieleza kwa maneno machache. Karatasi ziko ndani, mlango umebadilishwa kufuli. Lakini mashine inalikumbuka neno la zamani. Mtu akiliandika, itakiri kwamba ndilo lililokuwa, na itataja wakati lilipobadilishwa. Basi mama aandike, wazee waone kwamba mlango ulikuwa wake.

"Nakubali," Habumugisha alisema. "Lakini asiandike. Vidole, huyu mwalimu wake anaweza kuvifundisha jana. Aseme kwa kinywa, hapa, tusikie wote. Kama neno ni yake, si aseme?"

Damascène aliona ni haki. Wazee waliona ni haki; nani angekataa jambo dogo kama hilo? Annonciata akaomba kalamu. Habumugisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Karatasi pia inafundishwa."

Annonciata alimtazama shemeji yake, naye akamtazama. Hakukuwa na chuki usoni mwa Habumugisha. Palikuwa na subira tu, kama ya mtu anayengoja maziwa yachemke. Alijua. Alijua tangu Rumangabo, na alikuwa amelipanga baraza zima kuzunguka mdomo wa Annonciata uliofungwa. Akinyamaza, kiwanja kimekwenda. Annonciata alifikiria kile alichokuwa akikilinda kwa ukimya wake: nyumba ya Munezero, jina la Munezero kwenye karatasi, ua wa minyaa waliopanda pamoja wakigombana kwa sababu yeye aliuona umepinda. Alisimama.

"Habarurema," alisema. Sauti ilitoka kavu, ikabidi arudie. "Habarurema. Elfu mbili na mbili."

Mzee mmoja aliyekuwa akisugua fimbo yake aliacha kusugua. Gradi, mgeni wa desturi hiyo, hakujua uzito wa alichokisikia; aliandika kama alivyoambiwa, akageuza kioo cha kompyuta kuwaelekea wote. Lilibadilishwa majuma saba yaliyopita.

"Neno njo ile," Gradi alisema. "Account ni yake. Na mwenye aliibadilisha alikuwa naijua ile neno."

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Wazee saba walimtazama Habumugisha kwa pamoja, kisha kwa pamoja wakatazama viatu vyao. Annonciata alihisi kitu kilichofanana na ushindi, kwa muda wa pumzi mbili.

"Mashine inasema ni nani alibadilisha?" Damascène aliuliza.

"Jina haisemi."

"Basi na sisi hatusemi."

Habumugisha aliinuka. Kisha alizungumza polepole, akiwaangalia wazee, si Annonciata.

"Mumesikia. Jina ya papa yangu, mara mbili, mbele ya banaume, mu kinywa ya muke wa mutoto wake. Kwetu, muke mwenye anafanya vile amejitoa mu nyumba. Mutu mwenye ametoka mu nyumba, anaomba shamba ya nyumba gani?"

Annonciata alijibu kwamba si shamba la nyumba, walilinunua, karatasi zinasema. Damascène akamwambia alete karatasi. Mduara ukafungwa hapo. Ndipo alipomgeukia Nyirakamana, akapiga magoti mbele ya kiti cha plastiki.

"Mama, wewe unanijua. Sema."

Bibi kizee alinyoosha mkono, akaupapasa uso wake kama anayepima ni wa nani. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Mimi njo nilikufundisha," alisema. "Na ulijua kuliko boote. Mutoto wa kaka yangu ameiba, sikio yangu haijafa. Lakini mwizi angali wetu. Wewe umetoka."

Akauondoa mkono, akaomba apelekwe nyumbani.

Gradi hakukata tamaa upesi. Alijaza fomu za kudai anwani ile mara nne, akajibu maswali yote. Jibu lilikuja lile lile kila mara, la adabu, lisilo na mtu nyuma yake: hatuwezi kuthibitisha kwamba wewe ndiye mwenyewe. Mara ya nne Annonciata alimwambia aache. Alikuwa ameshaambiwa hivyo na watu waliomshika uso, wa mashine wangemwumiza nini zaidi.

Msingi wa Kibati ulifika kwenye madirisha. Siku ya Jumatatu Annonciata alifika sokoni kama kawaida, akatua beseni, akatandika kitambaa chake, akazipanga jibini kubwa nyuma na ndogo mbele. Patricia alikuwa akifungua gunia la vitunguu, amempa mgongo.

"Habari, Patricia," Annonciata alisema. "Habari ya asubuhi. Habari ya batoto."

Patricia aligeuka na vitunguu mikononi, akacheka mpaka wauza sombe wakageuka kutazama. Akapiga makofi.

"Muzuri, Mama, muzuri sana! Leo njo umekuwa mutu kama sisi."